Je, Wajua Mtoto Mchanga Anaona Umbali Gani?

Mtazame mama anayenyonyesha. Kutoka kwenye titi hadi usoni pake ni sentimita 25 hivi, na mtoto wa siku tatu haoni vizuri zaidi ya hapo. Baba aliyesimama mlangoni ni kivuli tu. Hata uso wa mama haumjii mzima: anachokidaka ni pale cheusi kinapokutana na cheupe, ukingo wa mtandio na paji la uso, kisha macho.

Jicho lenyewe bado changa, lakini kazi kubwa iko kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho. Sehemu hiyo hujifunza kwa kutumika. Akifika miezi 2, mtoto anafuata uso unaopita. Kati ya miezi 3 na 5 macho mawili yanaanza kushirikiana, naye anatambua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Ndio wakati miwani ya bibi inapoanza kunyakuliwa.

Ila darasa hilo lina muda wake. David Hubel na Torsten Wiesel, wakiwa Harvard, Marekani, waliwashona kope za jicho moja paka wachanga. Walipolifungua baada ya miezi michache, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeshalisusa: seli karibu zote ziliitikia jicho la pili tu. Kwa paka mkubwa, kufunga jicho vile hakukuleta madhara hayo. Utafiti wao uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Mtoto wa jicho tumezoea kuuita ugonjwa wa wazee, na kweli babu anaweza kungoja mavuno yaishe. Lakini wako wanaozaliwa nao, jicho limezibwa na ukungu kama lilivyozibwa la wale paka, na hao hawana nafasi ya kungoja. Ukungu ukiwa mzito, upasuaji hufaa zaidi ndani ya wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Kwetu pwani hizo ndizo siku za arobaini, mama na mwana wakiwa bado ndani, wageni wakisifia mashavu. Mboni ikionyesha weupe katikati, mtoto apelekwe hospitali leo, arobaini itamkuta huko.

Na baada ya upasuaji kazi ndiyo kwanza inaanza. Aliyeugua jicho moja huvalishwa lenzi, na lile jicho zima huzibwa kwa saa kadhaa kila siku, miaka na miaka, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lenzake.