Kuficha Kasoro ya Bidhaa



Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamkemea kwa kutoiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake ni kuficha.

Hukumu hiyo yawahusu pia waundao magari. Huko Marekani, mwaka 2014, kampuni ya General Motors iliagiza magari madogo yapatayo milioni 2.6 yarudishwe yatengenezwe. Swichi ya ufunguo ilikuwa dhaifu: ufunguo uliweza kuteleza, injini ikazimika njiani, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva isifunguke. Baadhi ya wahandisi waliijua kasoro hiyo zaidi ya miaka kumi. Siri ilifichuka baada ya mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa wazazi waliofiwa kuzilinganisha swichi, ikaonekana imebadilishwa kimya kimya, nambari ikaachwa ile ile. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya watu 124 waliokufa.

Basi nawe uuzaye gari kuukuu, breki zikiwa mbovu, mwambie mnunuzi kabla hujapokea fedha yake. Na mwenye elimu ya sheria asimame pamoja na aliyedhulumiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika biashara zetu. Amin.