Kipimo na Maana Yake: Mfano wa Programu ya Units

Units ni programu ya kompyuta igeuzayo vipimo: maili kuwa kilometa, ratili kuwa kilo. Ilianza katika mfumo wa Unix miaka ya 1970. Toleo la mradi wa GNU liliandikwa na Adrian Mariano. Haina picha za kubonyeza. Mtumiaji huandika kipimo alicho nacho, kisha kile akitakacho, na jibu hutokea chini yake.

Jambo limpasalo mwanaisimu kulitazama ni namna programu hii inavyovijua vipimo, kwani imejengwa mithili ya kamusi. Faili moja la maandishi lina maelfu ya vipimo, kila kimoja kikielezwa kwa kingine: yadi ni futi 3, futi ni inchi 12, inchi ni sentimeta 2,54. Mnyororo huo huishia kwenye vipimo vichache vya msingi, kama vile meta, kilogramu na sekunde. Kisichoelezwa hakigeuzwi.

Kadhalika, vipimo vya aina mbili havigeuzwi. Mtu akitaka lita iwe kilo, hageuziwi, bali huonywa kwamba viwili hivyo havilingani: lita hupima ujazo, kilo hupima uzito. Lita ya maji ina uzito wa karibu kilo 1. Lita ya mafuta ya mawese haifikii hapo. Sharti kwanza ijulikane ni lita ya kitu gani.

Onyo hilo lawahusu pia wafasiri na watunga kamusi. Meka ya masoko ya Lubumbashi, kama ilivyo pishi ya mwambao, ni kipimo cha ujazo. Mfasiri aandikaye «kilo» mahali pa «meka» hakubadili jina tu, amebadili aina ya kipimo. Maana meka ya unga na meka ya maharagwe hazina uzito mmoja. Nayo kamusi isemayo kwamba pishi ni «kipimo cha nafaka», ikakoma hapo, imeukata mnyororo.

Faili la Units laweza kuongezewa vipimo vipya. Kuandika kwamba pishi ni vibaba 4 ni kazi ya mstari mmoja. Lakini kibaba nacho chadai maelezo yake kwa lita, na maelezo hayo hutafutwa sokoni na kwa wazee, wala si ndani ya kompyuta.