Kitabu cha Picha kwa Mtoto Aulizaye Habari za Vita

Somo lililopita lilihusu kumsomea mtoto hadithi za wanyama. Leo twaingia katika jambo zito zaidi, nalo limetoka kwenu wenyewe.

Mama mmoja wa darasa la jioni alinieleza hivi. Mwanawe wa miaka 8 alirudi mchezoni akijisifu ya kuwa wenzake wamempa jina la Hitler. Mama akamwuliza, "Huyo Hitler wamjua?" Mtoto akajibu, "Alikuwa jemadari mkali, hakuogopa mtu." Baba yake akasema hayo ni mambo ya zamani ya Wazungu, mwache. Lakini mama hakuridhika. Akaniuliza, "Mwalimu, nitamwambiaje mtoto mdogo habari za watu kuuawa, na mimi mwenyewe kusoma ndiyo kwanza naanza?"

Nikamjibu, mtafutie kitabu cha picha. Maneno yake ni machache, na picha mtaisoma wawili, mama na mtoto.

Kwanza tuijue habari yenyewe. Vita Kuu ya Pili ilipiganwa tangu mwaka 1939 hata 1945. Wengine wenu babu zenu walikuwa askari wa KAR, wakaenda mpaka Burma. Huko Ulaya, Hitler na chama chake cha Wanazi walikuwa wameshika utawala wa Ujerumani tangu 1933. Waliwachukia Wayahudi, yaani watu wenye dini na desturi zao, waliokaa katika nchi nyingi za Ulaya. Walikuwa walimu, wenye maduka, mafundi wa kushona. Wanazi waliwanyang'anya kazi na mali. Waliwalazimisha kuvaa nyota ya manjano ili wajulikane. Mwisho wakawaua. Wayahudi kama milioni 6 waliuawa, na katika hao watoto walikuwa kama milioni moja na nusu. Si kwamba walikuwa askari, wala si kwamba walivunja sheria. Waliuawa kwa kuwa ni Wayahudi tu. Jambo hili twaliita maangamizi ya Wayahudi.

Sasa, milioni 6 haimwingii mtoto akilini. Hata mimi mtu mzima nikiisoma naona tarakimu tu. Lakini mtoto mmoja mwenye jina, mwenye baba na mama, huyo mtoto mwenzake atamwelewa mara moja. Basi nitawaeleza habari za mtoto mmoja, na kitabu alichochorewa.

Jina lake Tommy. Baba yake, Bedřich Fritta, alikuwa mchoraji wa Kiyahudi katika nchi ya Wacheki. Wanazi waliwafungia katika mji uitwao Theresienstadt. Wayahudi zaidi ya 140,000 walipelekwa huko. Kama 33,000 walikufa humo kwa njaa na maradhi, na wengi zaidi walitolewa humo wakapelekwa mashariki kuuawa. Tommy aliingizwa mle angali mchanga sana. Tarehe 22 Januari 1944 alitimiza miaka 3, na baba yake alimpa zawadi ya kitabu cha picha alichokichora kwa mkono wake.

Katika kitabu hicho Tommy ni mtoto mnene wa kuchekesha. Mna picha amesimama juu ya sanduku la safari, achungulie dirishani. Mna maua, vyakula, na safari za nchi za mbali. Mna kazi ambazo pengine atazifanya akikua. Fikirini! Mtoto yule maua na vyakula vile hakuwa navyo. Baba alikuwa akimwonyesha dunia iliyo nje ya ukuta. Na mwisho wa kitabu aliandika ahadi, ya kwamba hicho ni cha kwanza tu, atamchorea vingine vingi.

Hapa ndipo nataka mtulie kidogo. Mikono ile ile, siku zile zile, ilikuwa ikichora picha nyingine kwa siri, kwa wino mweusi. Hizo zilionyesha wazee wenye njaa, majeneza, watu waliosongamana kama mizigo ghalani. Wanazi walitaka dunia iamini ya kuwa mji ule ni mahali pema, na Fritta na wenzake walichora ukweli ili ujulikane. Picha hizo alizifukia ardhini. Mwanawe hakumpa.

Mnaona? Fritta alijua ukweli wote, lakini alichagua upi wa kumpa mtoto wa miaka 3 na upi wa kuwawekea watu wazima. Kazi hiyo ndiyo yetu sisi wazazi. Siku hizi simu ya mkononi huweza kumwonyesha mtoto maiti kabla hajaelewa kitu, na mtoto aliyeona hivyo hajafundishwa, ametishwa.

Julai 1944 Wanazi waliwakamata wachoraji hao. Fritta akapelekwa Auschwitz, akafa huko mwaka ule ule. Mama yake Tommy alifia gerezani. Tommy alipona, akalelewa na rafiki wa baba yake, mchoraji Leo Haas, aliyetoka kambini hai. Kitabu kilikuwa kimefichwa, nacho kikapona.

Mama yule nilimwazima nakala yangu. Nilimwambia akitazame kwanza peke yake, ukurasa kwa ukurasa, ajue pale atakapopata shida. Kisha akae na mtoto mchana, wala si wakati wa kulala. Asianze kuhubiri. Amwulize, "Waona nini hapa?" na angoje. Mtoto akiuliza neno moja, ajibiwe hilo moja. Tena awe mwangalifu na maneno: waliofanya hayo ni Wanazi, asiseme Wajerumani wote, tusije tukamfundisha mtoto kuchukia taifa zima, kosa lile lile la Wanazi.

Alinirudia juma la pili. Mtoto alikuwa amecheka sana kwa picha za mwanzo. Walipofika mwisho akauliza, "Kitabu cha pili kiko wapi?" Mama alisema alitamani kudanganya. Akamwambia hakuna, baba yake aliuawa. "Nani alimwua?" Akamtajia. Mtoto akakaa kimya, kisha akafungua tena ukurasa wa dirishani.

Kiko kitabu kingine kijulikanacho sana, Rose Blanche, chenye picha za Roberto Innocenti wa Italia, kilichotoka mwaka 1985. Ni hadithi ya kutungwa. Msichana wa Kijerumani agundua kambi porini, awapelekea chakula watoto walio nyuma ya seng'enge, na mwisho yeye mwenyewe hufa. Mimi nisingempa mtoto aliye chini ya miaka 10. Tena kina hatari nyingine: mtoto aweza kudhani kila aliyefungwa alipata msaidizi. Haikuwa hivyo. Wengi hawakumwona Rose Blanche wao, na akiuliza, mwambieni hivyo.

Zoezi la juma hili. Chukueni picha yo yote iliyomo kitabuni mwenu. Tazameni na mtoto mmoja, mkiuliza swali moja tu, "Waona nini?" Andikeni majibu yake matatu, kwa maneno yake mwenyewe, mje nayo darasani Jumatano. Kwaherini.