Mama Mzazi Asiachwe Peke Yake

Mama mmoja wa Kayole alikuja kwangu akiwa amempakata mtoto wa wiki tano. Alisema kichwa kinamuuma, na usingizi haumjii hata mtoto anapolala. Nilimpima, nikampa dawa za kuongeza damu, akaenda zake. Hali ya moyo wake sikumwuliza. Wiki mbili baadaye aliletwa na jirani. Hali chakula wala hasemi.

Kulialia siku za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida, na huisha katika muda wa wiki mbili. Huzuni ikizidi hapo, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea huwapata karibu mama mmoja kati ya watano. Si uvivu, si kurogwa, wala si kumchukia mtoto. Walio hatarini zaidi ni waliowahi kuugua hivyo, wanaopigwa nyumbani na wasio na wa kuwasaidia.

Katika mitaa ya Eastlands wasio na msaidizi ni wengi. Nyanya wa mtoto yuko mashambani, baba hutoka alfajiri kutafuta riziki, na mama hushinda chumbani na kichanga.

Dawa na ushauri wa daktari vipo, hata kwa anayenyonyesha. Lakini mama mwenzake pia ni tiba. Mwaka wa 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyiwa wanawake 701 wa Kanada waliokuwa hatarini. Waliopigiwa simu na akina mama waliowahi kuugua wakapona, ni asilimia 14 tu waliokuwa na dalili baada ya wiki 12. Miongoni mwa wengine, ilikuwa asilimia 25. Wasaidizi hao walifunzwa kwa saa nne tu.

Nasi tunaweza. Kina mama hukutana kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wewe uliyepitia hayo, keti karibu na aliyenyamaza. Mwulize, msikilize, usimkemee. Mbishie hodi tena kesho. Akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti zisizokuwapo, usimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mgonjwa wangu alipona. Nilimtibu, lakini jirani yule, aliyeugua vivyo hivyo kwa mtoto wake wa kwanza, alimtembelea kila jioni. Siku hizi kila mama mzazi ninayempima, namwuliza pia habari za moyo wake.