Deheni, Sifa na Vanishi: Mipako Inayokidumisha Chombo cha Mbao

Jahazi au mashua ya mbao haina adui mmoja. Chini ya mstari wa maji yuko kidudu anayetoboa mbao. Ubavuni kuna jua kali na chumvi. Ndani, kwenye kona zisizopata hewa, kuna maji ya mvua yaliyotuama. Kwa sababu hiyo mafundi wa Lamu, Nungwi na Mafia hawakuwa na mpako mmoja wa chombo kizima. Kila sehemu ilipewa dawa yake, na mpangilio huo unafuatwa hadi leo hata pale ambapo kopo la rangi ya dukani limechukua nafasi ya pipa la mafuta ya papa.

Kazi huanza kwa kuutazama mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Chombo huingizwa pwani maji yakiwa yamejaa, kikategemezwa kwa magadi pande zote mbili ili kisilale ubavu, na maji yakitoka kinabaki wazi hadi kwenye mkuku. Siku chache baadaye huingia maji mafu, ambayo hayafiki juu kiasi hicho, na fundi hupata muda wa kufanya kazi pakavu. Asipomaliza kabla ya bamvua lijalo kupita, chombo hukosa maji ya kukieleza na itabidi kisubiri jingine.

Kinachotafutwa kwanza ni matundu. Kidudu anayeyatoboa, ambaye wanasayansi humwita Teredo, ana umbo la mnyoo mweupe laini, lakini kwa nasaba ni ndugu wa chaza. Magamba yake mawili yamebaki madogo tu kichwani, na hayo ndiyo keekee yake. Huingia ubaoni angali mchanga kabisa kupitia tundu lisilozidi ncha ya pini, kisha hukua humo humo akifuata nyuzi za mti na kuipaka njia yake chokaa. Bakteria wanaoishi katika matamvua yake ndio wanaomwezesha kumeng'enya mbao. Tundu la kuingilia halipanuki, hivyo ubao huonekana mzima kwa nje huku ndani umebaki uwazi mtupu. Jicho peke yake halitoshi hapa. Fundi hugonga ubao kwa nyundo, shubiri kwa shubiri, akisikiliza: mti mzima hutoa mlio mkavu, ulioliwa hutoa sauti ya uvungu.

Baada ya tumbo la chombo kukwanguliwa mwani na magamba, makuti makavu huwashwa na moto wake kupitishwa chini yake polepole. Joto huwaua vidudu walioingia karibuni na kuukausha uso wa mbao. Ubao ulioharibika hukatwa mpaka ulipo mti mzima, na ncha za kiraka huwekwa juu ya taruma ili misumari ipate pa kushika. Misumari bora ni ile iliyopakwa zinki, maana kutu ya chuma kitupu huozesha mti unaouzunguka msumari hadi tundu likapanuka. Kabla ya kuupigilia, fundi huzungusha uzi wa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake, ili maji yasipate njia. Mtepe wa kale, ulioshonwa kwa kamba za nazi, haukuwa na tatizo hili la kutu hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa kamba zenyewe, zilizohitaji kubadilishwa kila zilipochakaa.

Kisha hufuata kalafati. Pamba husokotwa ikawa utepe, huchovywa mafuta, na kushindiliwa katika nafasi kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Hapa wanagenzi wengi huzidisha nguvu. Mbao hufura zikirudi majini, na pamba iliyojazwa kupita kiasi huweza kuzisukuma hadi misumari ikalegea. Iliyopungua huacha chombo kivuje. Kuvuja kidogo siku ya kwanza baada ya kushushwa ni jambo la kawaida. Kama bado kinafuliwa maji baada ya mbao kunywa na kufura, kalafati haikukaa.

Sehemu inayozama hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama. Chokaa ikikutana na mafuta hufanya sabuni ya aina ya pekee, isiyoyeyuka majini, na ndiyo inayowazuia wadudu wachanga kuufikia mti. Hupakwa kwa mkono, nzito na nyeupe, na baada ya miezi michache huwa imebanduka na kudai nyingine. Rangi za kisasa za chini ya maji hutegemea zaidi shaba, ambayo ni sumu kwa viumbe wanaojibandika. Zile zenye bati la kikemikali, TBT, zilifanya kazi vizuri mno, hata zikadhuru chaza na konokono ambao hawakuwa na ugomvi na meli yoyote. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, ulizipiga marufuku.

Juu ya mstari wa maji palikuwa pa sifa, mafuta ya maini ya papa. Hupenya katika nyuzi za mti na kuyakataa maji, na aliye upande upepo unakoelekea hahitaji kuambiwa ni chombo kipi kimepakwa jana. Siku hizi mabavu mengi hupakwa rangi ya mafuta. Kabla ya rangi, mbao huoshwa kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuibandua rangi kwa chini. Kisha huachwa zikauke barabara na kupigwa msasa. Ndani ya ngama hupaswa kupitisha hewa. Kuvu wa kuozesha hustawi zaidi kwa maji ya mvua kuliko ya bahari, kwa hiyo masika hula vyombo vilivyoachwa wazi kuliko safari ndefu.

Vanishi huwekwa kwenye mlingoti, usukani na nakshi, mahali ambapo uzuri wa mti unatakiwa uonekane. Pwani hii iliwahi kuilisha dunia malighafi yake: sandarusi, utomvu wa msandarusi uliogandishwa ardhini kwa miaka mingi, ulichimbwa Mrima na kusafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19, shehena nyingi zikienda Salem huko Marekani. Ulisifiwa kwa ugumu na mng'ao. Udhaifu wa vanishi uko katika uangavu wake. Rangi ina chembe zinazozuia mwanga, lakini vanishi huupitisha, na miale ya jua huivunja lignini inayoshikilia nyuzi za mti. Uso wa mbao hulegea na vanishi hubambuka pamoja nao. Ndiyo sababu hupakwa mikono mingi myembamba, kila mmoja ukipigwa msasa laini kabla ya unaofuata, na huongezwa mkono mpya mara mng'ao unapoanza kufifia. Ikishapasuka na kuingiza maji, kuizibia juu hakufai. Hukwanguliwa yote hadi kwenye mti na kuanzwa upya.