Kugawanya Metodi Ndefu za Programu: Suala la Kutoa Majina

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja ya waandishi wa programu za kompyuta ambayo, kwa maoni yetu, ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mashine. Kazi yenyewe ni kuigawanya metodi ndefu katika metodi fupi fupi. Metodi ni fungu la maagizo lililopewa jina. Likiitwa kwa jina hilo, mashine hutekeleza yote yaliyomo. Urefu wa fungu hauisumbui mashine. Anayesumbuka ni mtu atakayelisoma ili alisahihishe.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Turkana. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 2015 ulianza huko mpango wa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya posho ilitolewa kwa njia ya simu ili kaya ijinunulie chakula. Tuseme kijana wa Lodwar ameandika programu ya kukadiria posho ya namna hiyo, na mwenzake aliyeko Kakuma ndiye anayeitunza. Metodi iitwayo gawaPosho ina mistari 120: inasoma daftari, inaondoa marudio, inahesabu watu, inakadiria fedha, kisha inatuma ujumbe. Siku moja kaya ya watu 7 inapata fedha za watu 6. Mtunzaji hana budi kuisoma mistari yote, akikumbuka kila kigeu kilichobadilishwa njiani. Wakati huo kaya inangoja chakula.

Utaratibu wa kuiunda upya programu bila kubadili matokeo yake ulichunguzwa na William Opdyke katika tasnifu yake ya mwaka 1992, na ukaenezwa na kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999. Kila fungu la mistari lenye kusudi moja hutolewa, hupewa jina, na mahali pake huachwa jina hilo tu. Baada ya kila hatua programu hujaribiwa kwa mifano ambayo majibu yake yanajulikana.

Mtunzaji wetu anapata kwa urahisi somaDaftari, hesabuWatu, kadiriaFedha na tumaUjumbe. Fungu moja linamkaidi. Je, aliite ondoaYaliyorudiwa au ondoaWaliorudiwa? Kiambishi cha ngeli kinamlazimisha aseme kinachoondolewa: ni majina, au ni watu? Anaitazama tena mistari ile 9, anakuta inalinganisha jina la mzazi na tarehe ya kuzaliwa, basi. Mapacha wamehesabiwa kuwa mtu mmoja. Kosa lililojificha katika mistari 120 limefichuliwa na upatanisho wa kisarufi, jambo ambalo jina la Kiingereza lisilo na ngeli lingeweza kulinyamazia.

Hatudai kwamba Kiswahili hakina vikwazo hapa. Katika lugha nyingi za programu, zikiwemo Java na Python, ritifaa hairuhusiwi ndani ya jina. Hivyo anayehesabu mifugo ya Turkana hawezi kuandika hesabuNg'ombe kama sarufi ya maandishi yetu inavyotaka.

Yafaa pia ieleweke kwamba ufupi pekee si sifa. John Ousterhout, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alionya kuwa metodi zilizokatwa kupita kiasi humlazimisha msomaji kurukaruka kutoka moja hadi nyingine ili aelewe jambo moja. Kipimo chetu basi kiwe jina: fungu lenye jina la kweli na litolewe, lisilopata jina ama halijaeleweka, ama halikustahili kukatwa.

Kwa hiyo wanafunzi wa isimu wasidhani kwamba uwanja huu hauwahusu. Palipo na wasomaji wa lugha nyingi, kama Kakuma, anayejua kuchagua jina humwokolea mwenzake siku nzima ya kutafuta, na pengine humrudishia pacha mmoja posho yake.