Mcheza kwao hutuzwa, mbona filamu zetu hutuzwa ugenini?

Msomaji mpendwa, ni lini mara ya mwisho ulipotazama sinema ambayo watu wake wanazungumza kama jirani zako, wanapika kama mama yako na kuyaangalia mawingu kwa wasiwasi ule ule unaoujua? Usione haya ukishindwa kukumbuka. Hauko peke yako.

Hebu tufunge safari. Iache barabara kuu ya Mombasa pale Emali, upande matatu hadi Matiliku, kaunti ya Makueni. Utapata maduka, hospitali, magunia ya ndengu, maembe ikiwa ni msimu wake, na wanafunzi waliovalia sare. Usitarajie kuona jumba la sinema. Hapa, kama ilivyo katika masoko mengi ya Kenya, kijana anayetaka sinema huitazama kwenye simu yake au katika kibanda cha video, na aghalabu huwa ni sinema ya Marekani, India au Hong Kong, pengine iliyotiwa maelezo na DJ Afro ili watazamaji wacheke na kuelewa.

Wazazi wao walikuwa na bahati kidogo. Enzi zao gari la sinema lilizunguka vijijini. Shuka jeupe lilitandazwa, jenereta ikanguruma, watoto wakaketi mbele mavumbini, na kabla ya filamu yakaja matangazo ya sabuni na dawa ya meno. Filamu zenyewe zilikuwa za watu wengine, lakini angalau kijiji kizima kilitazama pamoja.

Jambo la kushangaza ni kwamba sinema kuhusu maisha ya Ukambani imekwisha kutengenezwa, tena na mkulima aliyeshika kamera mwenyewe. Ilipokamilika ilianzia safari yake Ulaya.

Kamera shambani

Vuka Mto Athi, unaotenganisha Makueni na Kitui, uelekee Mutomo, kusini mwa Kitui. Huko ndiko nyumbani kwa Kisilu Musya. Kama wakulima wenzake, Kisilu hutegemea mvua ya misimu miwili, na kila Mkamba anajua kwamba mvua ya vuli, ile ya kuanzia Oktoba, ndiyo tegemeo kubwa. Ikikosa kunyesha, ghala hubaki tupu.

Kisilu alikutana na Julia Dahr, mwelekezi wa filamu kutoka Norway, naye mkulima huyo akaanza kupiga picha za maisha yake mwenyewe. Kwa muda wa miaka mitano alinasa ukame, mafuriko na dhoruba. Alinasa pia mambo ambayo mgeni hangeyaona kwa urahisi: watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wanaume kuhama kwenda mijini kutafuta vibarua, na mivutano inayozuka ndani ya nyumba pesa zikiisha. Alipoona hali inazidi kuwa mbaya, aliwahimiza majirani kupanda miti na kubadili mbinu za kilimo. Mwaka 2015 alikwenda Paris, Ufaransa, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, akawaeleza wakubwa wa dunia yanayowapata wakulima wa kwao.

Filamu hiyo ya hali halisi, Thank You for the Rain, yaani Asante kwa Mvua, ilitoka mwaka 2017. Ilionyeshwa katika tamasha la CPH:DOX mjini Copenhagen na la Hot Docs mjini Toronto. Watu ambao hawajawahi kuona pojo ikinyauka shambani walikaa gizani wakamtazama mkulima wa Mutomo.

Sasa jiulize: ni wangapi Matiliku, mwendo usio mrefu kutoka huko, ambao wamewahi hata kuisikia?

Tamasha ni soko

Huenda ukadhani tamasha la filamu ni sherehe ya mazulia mekundu na magauni marefu. Hayo yapo, lakini kwa mtengenezaji wa kujitegemea, yaani yule asiye na kampuni kubwa nyuma yake, tamasha ni soko. Ni sawa na mkulima anayepeleka maembe yake mahali penye wanunuzi.

Mambo huenda hivi. Mtengenezaji hutuma nakala ya filamu, na mara nyingi hulipa ada. Wateuzi hutazama mamia au maelfu ya kazi na kuchagua chache. Matamasha makubwa hupenda kuwa ya kwanza kuionyesha filamu, na ndiyo sababu anayekimbilia kuiweka kwenye intaneti hujifungia mlango. Ikichaguliwa, hapo ukumbini huwa na wanunuzi wa vituo vya televisheni, wasambazaji na waandishi wa habari. Tuzo huleta sifa, na sifa huenda ikaleta pesa za filamu ijayo. Neno ni hilo, msomaji: huenda.

Wakenya wengi wamepita njia hiyo. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alipeleka Supa Modo mjini Berlin. Ni hadithi ya Jo, msichana wa miaka tisa aliye mahututi, ambaye kijiji chake kinaamua kumtengenezea filamu yeye akiwa shujaa. Mwaka huo huo Wanuri Kahiu alifika Cannes na Rafiki. Mwaka 2020 Sam Soko aliingia Sundance, Marekani, na Softie, filamu kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi, ikatuzwa kwa uhariri wake.

Lakini pesa za kutengeneza zinatoka wapi? Supa Modo, kama Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ilizaliwa katika mradi ulioungwa mkono na Wajerumani. Ile ya Kisilu iliongozwa na raia wa Norway. Hapa nyumbani kuna mfuko wa Docubox, ulioanzishwa na mwelekezi Judy Kibinge, uliosaidia Softie miongoni mwa nyingine, lakini mfuko mmoja hauwezi kushibisha wote. Hatuwalaumu wageni waliofungua mikoba yao. Hata hivyo, anayegharimia kazi huwa na usemi, na ni kawaida kwake kuwafikiria kwanza watazamaji wa kwao. Ndipo filamu yetu inapozaliwa ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, lakini bila mpango wowote wa kufika Matiliku.

Vikwazo vya nyumbani

Tusiwatwike wageni lawama zote. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka mtengenezaji awe na leseni ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Rafiki, hadithi ya mapenzi kati ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku Aprili 2018, majuma machache tu kabla ya kuonyeshwa Cannes. Septemba Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kila mzazi ana maoni yake kuhusu hadithi kama hiyo, na ana haki ya kuwachagulia watoto wake. Lakini siku hizo saba zilionyesha jambo moja: Wakenya wako tayari kulipia filamu ya Kenya wakipata mahali pa kuitazama.

Mahali ndipo penye taabu. Majumba ya sinema yaliyobaki yako mijini, mengi katika maduka makubwa, na tiketi moja hugharimu pesa ambazo familia ya kijijini ingenunulia unga.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, ikiwa wewe ni mwanafunzi, fahamu kwamba Tamasha za Kitaifa za Drama sasa zina kitengo cha filamu pia. Shule haihitaji jumba wala kamera ya bei ghali ili kuanza. Simu nzuri, hadithi iliyofikiriwa na mwalimu mwenye subira vinatosha. Kisilu hakuwa amesomea sinema. Alikuwa na kamera, na alikuwa na jambo analolijua kuliko mtu yeyote wa Copenhagen.

Pili, ikiwa wewe ni mzazi mjini, jumapili moja badala ya kuwawekea watoto katuni za ng'ambo, tafuta Supa Modo mtazame pamoja. Jitayarishe na kitambaa, maana utalia.

Tatu, ikiwa wewe ni mtengenezaji wa filamu, unapopanga bajeti tenga fungu dogo la safari ya kurudi: projekta, jenereta, shuka na nauli. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Lakini atatuzwaje mchezaji ambaye watu wa kwao hawajamwona akicheza?

Copenhagen walimpigia makofi mkulima wa Mutomo, na ni vyema. Lakini watu wa Matiliku wangejua pale alipotia chumvi na pale aliposema kweli tupu, na wangemwambia. Sifa na lawama za namna hiyo hazipatikani Cannes. Basi shuka jeupe na litandazwe tena sokoni, na safari hii watoto walioketi mavumbini waone mvua ya kwao.